Two and a Half Men na kurudi kwa Charlie Sheen: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila zinapovuma habari za kipindi cha zamani kufufuliwa, mashabiki wa Two and a Half Men huanza upya mjadala wao: je, kitarudi? Na Charlie Sheen, nyota wake aliyefukuzwa, atakuwemo? Maswali haya mawili huulizwa pamoja kana kwamba ni moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kipindi kuongezewa msimu ni jambo moja. Mtu kurudi kwenye afya yake na akili zake ni jambo lingine kabisa. Majibu yafuatayo yanajaribu kuyatenganisha.

Kwa ambao hawakuwahi kukitazama, hiki ni kipindi gani?

Ni tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyorushwa na kituo cha CBS kuanzia Septemba 22, 2003 hadi Februari 19, 2015. Ilikuwa na misimu 12 na sehemu 262. Waliokibuni ni Chuck Lorre na Lee Aronsohn, na kampuni iliyokitengeneza ni Warner Bros. Charlie Harper (Sheen) ni kapera anayeishi kwa kutunga nyimbo fupi za matangazo, ana nyumba ya ufukweni Malibu, na hana mtu wa kumwuliza ametoka wapi usiku. Kisha mdogo wake Alan (Jon Cryer) anafukuzwa na mkewe, anabisha hodi akiwa na mtoto wake Jake (Angus T. Jones), na hatoki tena.

Waongeze Berta, mfanyakazi wa nyumba mwenye ulimi mkali aliyeigizwa na marehemu Conchata Ferrell. Evelyn, mama yao. Na Rose, jirani anayemfuatafuata Charlie hadi kupanda roshani yake. Hiyo ndiyo nyumba nzima.

Ni kweli kwamba Sheen alikuwa anajiigiza mwenyewe?

Waandishi walichota waziwazi kwenye sifa yake. Mhusika anaitwa Charlie, anakunywa, anacheza kamari, hatulii na mwanamke mmoja. Lakini wanaosema hakuwa anaigiza wanamnyima haki yake. Mtazame anapokaa tu kwenye kochi, glasi mkononi, huku Alan akilalamika mwendo wa dakika nzima. Hafanyi kitu. Anasubiri, anageuza shingo kidogo, anatoa neno moja, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Kujua muda wa kusubiri namna ile ni ufundi. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa vichekesho mara 4, mwaka 2006 hadi 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2002, alishinda tuzo ya Golden Globe kwa kipindi cha Spin City, alikochukua nafasi ya Michael J. Fox.

Tatizo lilikuwa kwingine. Kadiri maisha ya mwigizaji yalivyofanana na ya mhusika, ndivyo watu walivyozidi kudhani kwamba ulevi wake ni sehemu ya mchezo. Tulicheka Jumatatu usiku, kisha habari za wiki zikatuonyesha kituko kilekile bila mwandishi wa kukimaliza kwa utani.

Kituo kinaamuaje kukiongezea kipindi msimu?

Mashabiki wengi hudhani ni suala la kupendwa tu. Kupendwa kunahesabika, lakini kwa kuwa kunageuka kuwa pesa ya matangazo. Kila mwezi Mei vituo vikubwa vya Marekani hukutana na watangazaji jijini New York na kuwaonyesha ratiba ya msimu unaoanza Septemba, ili muda wa matangazo uuzwe mapema. Ndiyo maana tangazo la "kipindi kinaendelea" au "kimefutwa" huja mara nyingi majuma hayohayo. Kituo hakitaki kusimama mbele ya wenye pesa huku hakijui nyota wake yupo au hayupo.

Kuna pesa nyingine ambayo mtazamaji haioni. Kampuni inayotengeneza kipindi hupata faida yake kubwa inapouza marudio kwa vituo vingine, na kwa desturi ya biashara hiyo sehemu 100 ndizo huhesabiwa kuwa akiba ya kutosha kurushwa kila siku bila kuchosha. Kipindi kikishavuka hapo, kila sehemu mpya inaongeza thamani ya zote zilizotangulia. Two and a Half Men kilikuwa kimevuka zamani.

Halafu kuna jambo lililozaa vurugu zote. Mwaka 2009 CBS ilikiongezea kipindi misimu 3 kwa mpigo, hadi 2012. Lakini mkataba wa Sheen mwenyewe ulikuwa unaisha 2010. Kipindi kilikuwa na kesho, nyota wake hakuwa nayo, na kila upande mezani ulilijua hilo.

Mwaka 2010 ilikuwaje hasa? Si ndipo aliporudi?

Ndiyo, na hapo ndipo mashabiki tulipofurahi kabla ya wakati.

Siku ya Krismasi 2009 Sheen alikamatwa Aspen, Colorado, baada ya ugomvi na mkewe wa wakati huo. Februari 2010 aliingia kituo cha tiba ya uraibu na upigaji picha ukasimama. Akarudi kazini, kisha zikaenea habari kwamba anataka kuondoka kabisa. Mei 17, 2010, wiki ileile ambayo CBS ilikuwa inakutana na watangazaji, likatoka tangazo: amesaini miaka 2 zaidi. Ripoti za wakati huo zilitaja takriban dola milioni 1.8 kwa kila sehemu, na kumfanya mwigizaji anayelipwa zaidi kwenye televisheni ya Marekani. Agosti mwaka huo alikiri mahakamani kosa dogo la shambulio katika kesi ya Aspen, akaamriwa kwenda tena kwenye tiba.

Tazama mpangilio huo. Mtu ametoka kwenye matibabu, kesi haijaisha, na jibu la kila aliyemzunguka ni kumwongezea mshahara. Nakumbuka shangwe ya mashabiki wenzangu: "Charlie karudi!" Kilichorudi ni mkataba. Hakuna kituo, kampuni wala shabiki aliyeuliza kwa sauti kama kurudi studio haraka hivyo ndiko alikohitaji, na huo ndio upande wa habari hii unaoniuma hadi leo.

Basi ilivunjikaje mwaka 2011?

Kwa haraka ya kutisha. Januari 27, 2011 alipelekwa hospitali. Kesho yake kazi ikasimamishwa ili apate tiba, naye akachagua kutibiwa nyumbani kwake. Februari 24 akapiga simu kwenye kipindi cha redio na kumshambulia Lorre kwa matusi. Siku hiyohiyo CBS na Warner Bros. wakafuta sehemu zote zilizobaki za msimu wa 8, ambao ukaishia kwenye sehemu ya 16. Machi 7 akafukuzwa kazi. Siku 3 baadaye akafungua kesi ya kudai dola milioni 100.

Katikati ya hayo kulikuwa na mahojiano aliyojisifu ndani yake kuwa ana damu ya chui milia na kwamba yeye ni mshindi tu, siku zote. Maneno hayo yakachapwa kwenye fulana. Akaunti yake mpya ya Twitter ilifikisha wafuasi milioni 1 kwa saa 25 na dakika 17, rekodi iliyoingizwa Guinness. Aprili 2 akaanza ziara ya jukwaani mjini Detroit na akazomewa. Waliolipa tiketi ndio waliozomea. Walikuja kuona moto, wakaona mtu aliyechoka.

Wasiokumbukwa sana katika hadithi hii ni mafundi wa taa, washonaji, wapishi wa studio na wasaidizi wa uzalishaji, ambao waliingia mwezi Machi bila kazi waliyokuwa wameahidiwa.

Kwa nini kipindi hakikufa alipoondoka?

Kwa sababu zilezile zilizotajwa juu: msimu wa 9 ulikuwa umeshanunuliwa, na nyumba ile ya Malibu ilikuwa bado inaleta fedha. Mei 2011 Ashton Kutcher akatangazwa kuwa mrithi, akiwa Walden Schmidt, tajiri wa intaneti aliyevunjika moyo. Septemba 19, 2011 msimu ukafunguliwa kwa mazishi ya Charlie Harper. Rose anasimama karibu na jeneza na kusimulia jinsi Charlie alivyoanguka mbele ya treni ya chini ya ardhi mjini Paris, na wanawake waliojaa kanisani hawaonyeshi huzuni hata kidogo. Watu milioni 28.7 walitazama, idadi ambayo kipindi hakikuwahi kuifikia na Sheen wala hakikuifikia tena bila yeye.

Usiku uliotangulia, kwenye jukwaa la Emmy, Sheen aliwatakia wenzake wa zamani kila la heri. Wiki moja baadaye pande zote zikamaliza kesi nje ya mahakama.

Kipindi kiliishi misimu 4 zaidi. Kutcher alijitahidi, na Cryer alishinda Emmy ya mwigizaji mkuu mwaka 2012. Hata hivyo, kwa maoni yangu uhusiano wa ndugu wawili wasiopatana ndio uliokuwa moyo wa kipindi, na mgeni tajiri anayemhurumia Alan hakuweza kuubeba.

Anger Management haikuwa kurudi kwake?

Kibiashara ilikuwa kurudi kukubwa. Tamthilia hii mpya ya vichekesho ya Sheen ilianza kwenye kituo cha FX Juni 28, 2012 kwa mpango usio wa kawaida: kituo kinanunua sehemu 10, na zikifikia kiwango cha watazamaji kilichokubaliwa, kinaongeza 90 kwa mkupuo. Kiwango kilifikiwa, zikaongezwa 90, na kipindi kikaisha Desemba 2014 kikiwa na sehemu 100 kamili. Namba hiyo sasa mnaijua: ndiyo akiba ya kuuza marudio.

Kwa mwigizaji ilikuwa mbio. Sehemu 90 katika muda wa takriban miaka 2 ni kasi kubwa, maana vipindi vya kawaida hutumia miaka 4 kufikia idadi hiyo, na inaonekana kwenye kioo: vichekesho vingi havikupata muda wa kuiva. Baba yake halisi, Martin Sheen, aliigiza baba yake humo, na sehemu zao za pamoja ndizo bora.

Mbona hakuonekana kwenye sehemu ya mwisho ya Two and a Half Men?

Lorre alilieleza hili mwenyewe kwenye ile kadi ya maandishi inayopita kwa sekunde moja au mbili mwishoni mwa kila kipindi chake, ambayo mashabiki husimamisha picha ili kuisoma. Sheen alipewa ofa ya kuja mlangoni, kubonyeza kengele, kuhutubia kuhusu hatari za dawa za kulevya, kisha kusema hatari hizo ni kwa watu wa kawaida tu, si kwake. Hapo piano ingemwangukia. Waandishi waliona inachekesha. Yeye hakuona. Alitaka tukio la kugusa moyo litakalofungua njia ya kipindi kipya chake na Jon Cryer.

Hivyo tukapata mwigizaji mwingine aliyeonekana kwa mgongo tu, mlangoni, na piano ikianguka kutoka angani. Kisha kamera ikarudi nyuma, Lorre akageuka kwenye kiti chake, na piano ya pili ikamwangukia yeye.

Mashabiki wamegawanyika. Mimi niko upande wa wanaosema mzaha ule haukupaswa kurushwa. Mtu akiwa bado anaumwa, kumwua mhusika wake mara ya pili kwa kicheko ni kulipa kisasi hadharani, hata kama mlipaji naye amejiangushia piano.

Alitangaza lini kuwa ana VVU?

Novemba 17, 2015, kwenye kipindi cha asubuhi cha NBC, akieleza kwamba alijua hali yake kwa takriban miaka 4 na kwamba alikuwa analipa watu ili wasimtangaze. Watafiti walioandika katika jarida la tiba la JAMA Internal Medicine walipima utafutaji wa Google siku hiyo Marekani na kukuta utafutaji unaohusu VVU umezidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya milioni 2.75. Watu walikuwa wanauliza dalili, kinga na mahali pa kupima.

Aliacha pombe lini, na safari hii kuna tofauti gani?

Desemba 2017. Amesimulia mara kadhaa ilivyokuwa: asubuhi moja binti yake alikumbuka ana miadi, naye alikuwa ameshakunywa kiasi cha kutoweza kushika usukani. Akampigia rafiki awaendeshe. Njiani akamwona binti yake kwenye kiti cha nyuma, kimya, na akajua mtoto anajiuliza kwa nini baba haendeshi gari. Kesho yake akaacha.

Tofauti ni kwamba hapakuwa na tangazo, kamera wala mkataba mezani. Hakuna aliyekuwa anamsubiri Jumatatu saa 3 usiku. Kwa miaka kadhaa iliyofuata hatukumwona sana kwenye televisheni, na nadhani ukimya huo ulimsaidia kuliko ofa yoyote aliyowahi kupewa.

Yeye na Chuck Lorre walipatana?

Ndiyo. Lorre alipokuwa anatengeneza Bookie, kipindi cha wakusanya madau ya kamari kilichoigizwa na Sebastian Maniscalco, alitaka Sheen aje ajiigize. Akampigia simu. Lorre amesimulia kwamba siku ya kusoma mswada mezani alimwendea Sheen na wakakumbatiana. Kipindi kilianza Novemba 30, 2023, na Angus T. Jones naye akajitokeza humo. Kiliongezewa msimu wa 2, kisha kikafutwa.

Kwa wengi ilikuwa nafasi ndogo tu ya mgeni. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko ile ya 2010. Mara hii mtu alipona kwanza, kazi ikafuata.

Jake alienda wapi?

Mwaka 2012 Angus T. Jones, wakati huo akiwa amezama katika imani yake, aliwaambia watu waache kutazama kipindi, akakiita uchafu. Baadaye aliomba radhi kwa kuwaonyesha wenzake dharau. Aliacha kuwa mhusika wa kudumu baada ya msimu wa 10 na akarudi kwa muda mfupi kwenye sehemu ya mwisho. Alikua mbele ya macho yetu tangu umri wa miaka 9 kwenye kipindi ambacho nusu ya utani wake haukumfaa mtoto. Sioni sababu ya kumlaumu.

Kuna vipindi vingine vilivyopitia haya?

Mfano wa karibu ni Roseanne. Kilifufuliwa Machi 27, 2018, kikaongezewa msimu siku chache tu baada ya kuanza, na kikafutwa Mei 29 mwaka huohuo baada ya nyota wake Roseanne Barr kuandika ujumbe wa kibaguzi Twitter. Oktoba familia ileile ikarudi bila yeye kwa jina la The Conners, na ikadumu hadi 2025. Somo la wenye vituo lilikuwa lilelile: nyumba na familia vinaweza kumzidi umri aliyevianzisha.

Kitabu na filamu ya 2025 vinaongeza nini?

Septemba 2025 vilitoka kwa kufuatana: kumbukumbu zake, The Book of Sheen, na filamu ya Netflix ya sehemu 2, aka Charlie Sheen. Jon Cryer anazungumza ndani ya filamu. Anaeleza jambo ambalo waliokuwa studio walilijua: kadiri Sheen alivyoharibikiwa, ndivyo bei yake ilivyopanda. Ukishamsikia Cryer, huwezi kuiona tena Mei 2010 kama sherehe.

Ni sawa kuendelea kumshabikia mtu mwenye historia ya ukatili?

Swali hili huulizwa kwa hasira na pande zote mbili, nami naliheshimu. Alikiri kosa mahakamani, na wanawake kadhaa wamemtuhumu kwa miaka mingi. Uraibu unaeleza mengi lakini haumlipii mtu deni kwa aliowaumiza. Namtakia afya njema kwa dhati, na sidai mtu yeyote amsamehe. Anayeshindwa kumtazama ana haki hiyo, na hapaswi kuambiwa kuwa ni mambo ya zamani.

Basi, Two and a Half Men kitarudi?

Hakuna msimu mpya uliotangazwa. Berta hayupo tena. Conchata Ferrell alifariki Oktoba 2020. Na Cryer, ambaye bila yeye hakuna kipindi, alipoulizwa mwaka 2024 alisema anampenda Sheen na kumtakia mema, lakini hana hakika kama anataka kuingia naye tena kwenye biashara. Mtu aliyefika kazini asubuhi kukuta studio imefungwa ana kila sababu ya kusita.

Kama siku moja watakubali, ningependa iwe sehemu chache, Charlie na Alan wazee, bila ahadi ya sehemu 100.

Nianzie wapi kukitazama?

Anza msimu wa 1, uone Jake akiwa mdogo na ndugu wawili wakijifunza kukaa nyumba moja. Misimu ya 2 hadi 5 ndiyo kilele. Msimu wa 8 utazame ukijua ulikatwa katikati, kwa hiyo usitegemee mwisho wa maana. Kisha sehemu ya kwanza ya msimu wa 9, kwa ajili ya mazishi tu, na baada ya hapo unaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya kwanza ya Bookie.